Wanaume Huja na Goti

Wenzangu wa chumba cha tiba ya viungo, siku ile ya kuniaga mlinishika mkono mkiwa bado na keki midomoni, mkanitaka niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Kusahau sijaanza. Kilichoanza ni watu wa nyumbani kunizoea, na mtu akishazoeleka nyumbani hutumwa dukani. Basi naandika, angalau nipate sababu ya kukaa. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ndio huo huo wenu. Kile kiti cha umeme cha kukanda mgongo mlichonizawadia nawashukuru sana. Nimempa dada yangu wa Kizingo. Mtu aliyekanda watu maisha yake yote hawezi kukandwa na kiti asikikosoe.

Nilianza kazi nikiwa msichana, katika kliniki hiyo hiyo ya Mji wa Kale, ngazi hizo hizo. Aliyeamua kwamba chumba cha wagonjwa wa magoti kiwe ghorofani nilimtafuta miaka mingi nimwulize ana kisa gani na magoti ya watu, nisimpate. Siku ya kwanza nilimkuta Bi Kadzo amesimama juu ya ngazi, mikono kiunoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mgiriama, mfupi, mpana, na kila asubuhi alivuka Makupa kutoka bara akiwa amejiziba pua kwa leso, kwa kuwa siku zile Kibarani ilikuwa bado jaa. Nikafungua kinywa kumwamkia, akaniwekea kidole mdomoni.

"Msikize kwanza yule anayepanda," aliniambia.

Nyuma yangu kulikuwa na mzee akizihangaikia zile ngazi. Hatua moja nzito, moja nyepesi, kisha akasimama kuvuta pumzi.

"Haya, nusu ya ugonjwa wake tushaijua. Sasa niamkie."

Nusu ya pili Bi Kadzo aliipata kwa neno moja. Mgonjwa akishakaa, alimwuliza, "Wapi?" Kisha alinyamaza. Hakuongeza, hakusaidia, hakutazama saa ya ukutani. Kwa ujana wangu niliona ni uvivu wa kuuliza. Nikaja kutambua kuwa neno hilo ukiliachia nafasi huwafungua watu, na tena wanaume na wanawake hufunguka kwa namna mbili mbali.

Mwanamke ukimwuliza wapi, huanzia utosini. Hushuka kisogoni, huingia shingoni, hupita kwa mama mkwe, hutua mabegani, hukumbuka uzazi wa mtoto wa pili, na akifika kwenye nyayo adhuhuri ishaadhiniwa. Mwanamume ukimwuliza wapi, hukuonyesha goti. "Hapa tu," husema. Na goti lenyewe halikosi sababu ya kiume: gunia, mpira, pikipiki. Sijapata kumwona mwanamume aliyeumwa hivi hivi.

Zana zetu hazikuwa za kutisha. Tulikuwa na mikeka, mpini wa fagio wa kunyooshea mabega, na mifuko ya leso kuukuu tuliyoijaza mtama tukaipasha moto kuwawekea watu mgongoni. Tulikuwa na saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya, unaizungusha nayo hulia wakati ukifika. Ilikuwa ya Bi Kadzo, na alipostaafu aliniachia mimi. Na nyuma ya pazia tulikuwa na mifupa ya plastiki, mtu mzima mzima, ya kuwaonyesha wagonjwa uti wa mgongo. Bi Kadzo aliiita Bi Arusi, kwa sababu ilikaa ndani siku zote na watu walikuja kuitazama.

Sasa nifike kwenye ugonjwa ulionisumbua kuliko yote. Daktari huuita fibromialjia. Mtu huumwa mwili mzima, huamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa hujaa ukungu, na ukimpima huoni kitu. Maumivu ni ya kweli. Ni mishipa ya fahamu inayoyapaza, mfano wa redio ya jirani iliyokatika kitufe cha sauti. Tulifundishwa kuwa ni ugonjwa wa wanawake. Na kweli waliotujia kwa jina hilo walikuwa wanawake, ila sikuacha kujiuliza yale magoti yote mazima ya wanaume yalikuwa yanatoka wapi.

Leo mnalo darasa la Alhamisi alasiri, lile ambalo wanaume wenyewe huliita mazoezi ya mpira ingawa mpira haujapata kuonekana humo. Lilianza na mtu mmoja. Nitawasimulia habari zake na za mkewe kwa ruhusa yao wote wawili. Mke amenipa kwa sharti niandike kila neno, mume kwa sharti nisitaje goti. Namwomba radhi mume.

Mke ni Bi Salma. Alinijia baada ya kuzungushwa miaka. Damu yake ilipimwa ikaonekana nzuri, picha zikapigwa zikaonekana nzuri. "Kila kitu changu ni kizuri, Bi Mwanakombo," aliniambia, "ila mimi." Mmoja alimwambia ni mawazo, mwingine akamwambia ni umri, shangazi akasema ni shetani, akachinjwa kuku mweusi. Kuku akafa, maumivu yakabaki. Mwishowe daktari mmoja kijana, msichana mpole, alimsikiliza mpaka mwisho akalitaja jina la ugonjwa. Salma alilia kwa furaha. Mtu asiyewahi kuambiwa mwongo hawezi kuijua furaha ile.

Mumewe ni Bwana Athmani, mpishi wa halua. Duka lake mnalinusa kabla ya kuliona. Si mtu mbaya: hajamnyima mkewe kitu, hajamwinulia mkono. Ila Salma akisema anaumwa, yeye alimjibu, "Una deko, Salma. Ungesimama kwenye sufuria ya halua ungejua kuumwa." Tena alilisema kwa upole, akitabasamu. Ndiyo maana lilimkaa moyoni.

Darasa la wanawake lilikuwa Jumanne asubuhi. Mabuibui yanatundikwa, mlango unafungwa, mikeka inatandikwa. Kanuni kuu niliyowafundisha ilikuwa hii: pumzika kabla hujachoka. Mgonjwa wa fibromialjia akingoja achoke ndipo apumzike, atalala siku mbili. Basi nyanya ikilia, kila mtu anaketi, hata kama alikuwa katikati ya unyooshaji au katikati ya masengenyo. Unyooshaji waliuacha kwa utiifu. Jina la ugonjwa liliwashinda kulitamka, wakauita Jumanne. "Leo Jumanne yangu imenipanda shingoni," mmoja angeandika kwenye wasapu yao, na wenziwe wangemjibu kwa duwa na mapishi. Hiyo nayo ilikuwa dawa. Mwanamke akiumwa hutafuta mwenzake wa kumwambia. Mwanamume akiumwa hukaa barazani na kikombe cha kahawa, na akiulizwa hali husema alhamdulillah, huku amekalia upande mmoja.

Alasiri ilikuwa zamu ya wanaume. Mwenzetu wa kiume aliyewahudumia alihamia Nairobi, tukaambiwa analetwa mwingine. Nadhani bado yuko njiani. Nikawashika mimi, na alasiri moja ya Alhamisi nikasikia ngazini hatua nisizozijua, za mtu anayejitahidi zisisikike.

"Masalkheri, Bi Mwanakombo."

"Masalkheri, Bwana Athmani. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillah. Mimi ni goti tu. Nalibeba gunia la sukari."

Nikalishika goti. Lilikuwa zuri kuliko langu. Wiki ya pili akaja na bega, gunia ni lile lile. Ya tatu kiuno. Wiki ya nne akaja mikono mitupu, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Leo si mimi," akasema. "Ni huko nyumbani. Halali usiku. Akiamka asubuhi vidole havikunjiki. Akishika mwiko, mikono yawaka moto mpaka hapa."

Nikamtazama. Salma siku mbili nyuma alikuwa amejisifu darasani kwamba sasa analala kama mtoto. Na Salma hajapata kushika mwiko wa halua. Mwiko ule Athmani alikuwa hampi mtu, hata mwanawe wa kumzaa.

"Wapi?" nikamwuliza. Nikanyamaza.

Alionyesha goti. Nikazidi kunyamaza. Akaonyesha bega. Muadhini akaadhini alasiri, akamaliza, nami kimya. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kisogoni, na kutoka hapo ukateremka, shingo, mgongo, nyonga, nyayo, hakuruka mahali. Alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu.

"Bi Mwanakombo, huu si ugonjwa wa wanawake?"

"Ni wa wenye miili, Bwana Athmani."

Nikampeleka kwa yule daktari kijana, naye akathibitisha. Athmani alipokea habari ile tofauti na mkewe. Salma alilia kwa furaha kuwa si mwongo. Athmani aliinamisha kichwa.

"Nimwambiapo ana deko, yuwanyamaza," alisema. "Miaka yote hiyo. Sasa ntamtazama kwa mato gani? Usimwambie, tafadhali. Ngoja arusi ya binti ipite, ntamwambia mwenyewe."

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nikampa dawa zile zile ninazowapa wanawake: aoge maji ya moto jioni, ajipake mafuta ajikande mwenyewe, anunue mto mpya wa shingo, alale mapema, ajinyooshe kila siku, na Alhamisi aje kwangu na nguo nyepesi. Mwanamume akiamua kutii, hutii. Alifuata yote, neno kwa neno.

Jumanne iliyofuata na zile za baada yake, nilikuwa na kazi ya kuutuliza uso wangu. Salma alianza kuja kimya. Halafu siku moja nyanya ikalia, wakaketi, naye akalipasua la moyoni.

"Athmani yuwaoa," akasema.

Chumba kizima kikageuka.

"Yuwaoga maji moto kila jioni. Yuwajipaka mafuta ya karafuu. Kanunua mto mpya, wake peke yake. Juzi naliingia stoo nikamkuta nyuma ya magunia ya sukari, kainua mikono hivi, yuwajinyosha kama kijana! Na kila Alhamisi alasiri hutoka na mfuko, nikimuuliza waenda wapi, ati kwenda kuangalia kuni Mbaraki."

"Ndani ya mfuko muna nini?" akauliza mwenzake mmoja.

"Trakisuti."

Wanawake wakashusha pumzi pamoja. Hukumu ilikuwa ishapita. Mwanamume wa umri ule akinunua trakisuti, kuna mtoto wa watu mahali. Wengine wakasema Mbaraki, wengine wakasema Kizingo kwa wenye nazo, kwa sababu ya ule mto mpya. Mimi nikawa napanga mifuko ya mtama iliyokuwa imeshapangwa. Kila ushahidi uliotolewa pale ulikuwa agizo langu.

"Simgombezi," Salma akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Arusi ya mwanangu sitaitia doa. Ikipita tu, nachukua sanduku langu narudi kwetu Kuze. Mwanamume aliyeona kuumwa kwangu ni deko, kenda kutafuta asiyeumwa. Basi na akae naye."

Nilirudi nyumbani siku ile na kicheko na huzuni, sikujua kipi kimezidi. Watu wale nawapenda. Neno moja langu lingemaliza yote, na neno hilo si langu. Alhamisi nilimwambia Athmani, "Mwambie mkeo leo." Akajibu, baada ya arusi. Wote wawili walikuwa wakiingojea arusi, mmoja aseme, mwingine aondoke, na nilijua ni nani atakayewahi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya arusi nilikuwa nimemlaza Athmani kwenye mkeka, chali, ndani ya trakisuti yake ya buluu, amekumbatia goti kifuani. Nyanya nilikuwa nimemwekea juu ya tumbo ili aione. Nikasikia ngazi. Hatua za mwanamke, za haraka, bila kupumzika katikati. Nilizisikiliza nisizitambue. Zilikuwa za Salma, ambaye tangu nimjue hakuwahi kuzipanda ngazi zile bila kusimama mara mbili. Hasira ni dawa, ila hatuiandiki kwa sababu hatujui kipimo chake.

Hakubisha hodi.

"Yuko wapi?"

"Nani, dada?" nikauliza.

"Mke mwenzangu! Nimemuandama Athmani na mfuko wake toka dukani, kaingia humu!"

Hakumwona mumewe chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia akalivuta kwa mikono miwili, akakutana uso kwa uso na Bi Arusi. Wakatazamana. Nasema kweli, kati yao wawili Bi Arusi ndiye aliyekuwa ametulia.

Nyanya ikalia. Salma akageuka, akamwona Athmani sakafuni na goti lake mkononi.

"Salma," akasema Athmani kutoka pale chini, "nina Jumanne."

Nje muuza maji alipita akigonga mkokoteni wake, akaenda zake.

"Wewe?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Nilimwona Salma akihesabu moyoni: deko ngapi tangu mwaka juzi.

"Heri ungeoa," akasema. "Mke mwenza ningemzoea."

Akateremka. Safari hii alisimama katikati ya ngazi, nikasikia akilia pale. Athmani alitaka kuinuka amfuate, lakini alikuwa ameinuka kwa haraka mno, mgongo ukakataa, ikabidi mimi nimwinue, na tulipofika dirishani buibui lake lilikuwa limeshapinda kona. Athmani alibadili nguo nyuma ya pazia. Alikunja trakisuti yake kwa uangalifu akaitia mfukoni. Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikamhurumia tena.

Siku tatu sikusikia lolote. Kisha, kesho yake ikiwa ni arusi, simu yangu ikaingia ujumbe wa Salma: njoo kwa mlango wa nyuma wa duka, na nyanya.

Niwaeleze wasiojua. Halua haiachwi. Wanga na sukari vikishashika moto, sufuria ile ya shaba hukorogwa bila kukatiza mpaka samli ijitenge. Ukipumzika kidogo inashika chini, na halua iliyoshika chini harufu yake haifichiki kwa iliki wala zafarani. Athmani alikuwa ameapa kuipika halua ya binti yake kwa mkono wake, asimpe mtu mwiko. Na kanuni yangu kuu, mnaikumbuka, ni pumzika kabla hujachoka. Ndiyo kusema mwanamume yule alikuwa amesimama kati ya kanuni mbili, na jasho lilikuwa likimchuruzika.

Niliingia nikamkuta anakoroga, meno ameyauma. Salma ameketi kwenye kigoda kando ya mlango, na pembeni yake sanduku lake, limefungwa kwa kamba. Hawakuwa wakisemezana. Salma alinipokea nyanya, akaizungusha, akaiweka chini. Ilipolia, akainuka akanyoosha mkono.

"Lete."

"Salma, hii ni halua ya arusi. Si mtezo."

"Nami sikuja kuteza. Lete mwiko, Athmani."

Aliitazama sufuria. Ilikuwa imeanza kuwa nzito, na mapovu yake makubwa yanapasuka polepole. Akamtazama mkewe. Kisha akauachia, mwiko ambao watu wazima wa mtaa ule hawajapata kuugusa, na Salma akaushika kwa mikono miwili akaendelea pale pale alipokomea yeye. Kigoda kilikuwa mbali. Athmani alitafuta pa kukaa karibu, asipaone, akakaa juu ya sanduku.

Wakawa wanapokezana hivyo, nyanya ikilia huyu anaketi yule anasimama, wagonjwa wawili kwa sufuria moja. Halua ikaanza kung'aa. Katika zamu moja Salma alikunja uso, akahamisha mwiko kwenye mkono wa kushoto, akaguna. Athmani aliinua kichwa. Nililijua neno lililokuwa likija, mimi na Salma tulilijua, na nililiona likimfika midomoni. Salma akakaza mgongo kulipokea.

"Wapi?" akauliza Athmani.

Kisha akanyamaza.

Salma alimtazama sana, kuona kama anamkejeli. Athmani alikuwa amekaa juu ya lile sanduku, mikono mapajani, anangoja. Basi Salma akavuta pumzi, akaendelea kukoroga, na akaanza kumwambia, kwa kuanzia utosini. Nyanya ililia, wakabadilishana mwiko bila kuyakata maneno, na Salma akaketi juu ya sanduku pale pale alipotoka yeye. Niliaga, hawakunisikia. Nilipokuwa natoka kwa mlango wa nyuma walikuwa ndio kwanza wanaingia shingoni, na mama mkwe bado hajatajwa.